Sura ya Nne: Ndovu Hajui Kifungu cha 25

"Kwani ile ya kwanza iliharibika?"

Ndivyo mjomba alivyoniuliza nilipomwambia nimepata nafasi ya kusomea shahada ya pili ya sheria. Tulikuwa barazani kwake Mkongani baada ya laasiri, yeye anamenya chungwa kwa kisu kidogo, ganda linashuka halikatiki. Hakuwa akinitania. Kwa hesabu yake, mtoto aliyekaa chuo kikuu miaka 4 akisoma sheria, akaenda Karen kwenye Chuo cha Sheria cha Kenya, akashinda miezi 6 ofisini mwa wakili mkongwe akifunzwa kazi, kisha akala kiapo na kuvaa joho, huyo amehitimu. Kilichobaki ni kufungua ofisi Kwale mjini, karibu na mahakama, aanze kuwasaidia jamaa zake na kesi za mashamba. Sasa karo nyingine ya nini?

Nilimjibu kwa maneno mengi. Mtu akikujibu kwa maneno mengi ujue hana jibu, na mjomba alilijua hilo. Akanipa kipande cha chungwa, akabadilisha mazungumzo.

Na sheria yenyewe ilikuwa upande wake. Shahada ya uzamili haikupi kibali cha kusimama mbele ya hakimu. Kibali hicho unacho tayari au huna. Katiba ya 2010, Kifungu cha 166, inapotaja sifa za jaji, inataka mtu mwenye shahada ya sheria au aliye wakili, na uzoefu wa miaka 10 kwa Mahakama Kuu, miaka 15 kwa Mahakama ya Juu. Uzamili haumo. Mtu anaweza kufika kileleni kabisa pasipo huo.

Lakini tazama waliofika. Tangu katiba hiyo ianze kutumika wameteuliwa majaji wakuu watatu: Willy Mutunga, David Maraga na Martha Koome. Wote watatu wana uzamili. Mutunga aliupatia Dar es Salaam akiwa kijana. Maraga alipata shahada yake ya kwanza mwaka 1977, ya pili akaipata Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 2012, miaka 35 baadaye, akiwa ameketi kwenye kiti cha ujaji tangu 2003. Koome naye alikuwa jaji tayari alipoipata yake kutoka Chuo Kikuu cha London mwaka 2010. Jaji anayerudi kuketi dawatini, akaandikiwa kwa kalamu nyekundu kwamba hoja yake ya ukurasa wa 12 haijakamilika, hatafuti ajira. Kuna kitu kazi ya kila siku haikumpa.

Kitu hicho nilikielewa kwa kuchelewa, na ndicho kinachonifanya niandike sura hii.

Shahada ya kwanza inakufundisha majibu. Mtu akiuza shamba lililo rehani, jibu ni hili. Akifa bila wasia, jibu ni lile. Uwakili unakufundisha kuyauza majibu hayo. Uzamili, ukiwa na bahati ya msimamizi mkali, unakupokonya majibu yote na kukuambia ulete swali. Moja tu, dogo, ambalo hakuna aliyelijibu vizuri.

Mimi nilipeleka pendekezo kuhusu sheria za mazingira nchini Kenya. Msimamizi akalisoma mbele yangu akiwa amesimama. "Mada hii ni Kenya nzima," akasema. "Una maisha mangapi?" Nikalipunguza, nikaandika kuhusu haki ya mazingira safi katika kaunti za Pwani. Akalirudisha. Mara ya tatu hakuandika maoni yoyote, alichora duara kwenye neno "Pwani" na alama ya kuuliza pembeni. Nikarudi nyumbani kwa likizo ya Desemba nikiwa na duara hilo kichwani.

Asiyeijua Mkongani nimweleze kidogo. Ni wadi ya eneo bunge la Matuga, upande wa bara wa vilima vya Shimba. Mtalii wa Diani akipanda huku huja kuwaona palahala, ambao Kenya nzima hawapatikani porini ila hapa, na kuwaona ndovu. Hifadhi ya Shimba Hills ilitangazwa mwaka 1968, na kwa mtalii ni msitu mzuri wenye ukungu wa asubuhi. Kwa mkulima wa Mkongani ni jirani. Jirani huyo ana ndovu wengi kuliko nafasi: mwaka 2005 serikali ilihamisha ndovu 150 kutoka hapa hadi Tsavo Mashariki, kwa malori, na upo ua wa umeme. Waliobaki bado wanajua mahindi yanakomaa lini.

Usiku wa tatu wa likizo yangu walikuja kwa mjomba. Sikuwaona. Nilisikia debe likipigwa shamba la tatu, kisha la pili, kisha kelele za vijana, kisha kimya ambacho kilikuwa kibaya kuliko kelele. Alfajiri tukaenda kutazama. Mahindi hayakuwa yameliwa tu, yalikuwa yamelazwa, kama mtu aliyekunja mkeka vibaya. Mkorosho mmoja ulikuwa chini, mizizi juu, udongo wake mwekundu bado mbichi. Kwenye matuta ya muhogo palikuwa na nyayo, na mjomba akaingiza mguu wake mzima na kiatu chake ndani ya mmoja, ukabaki na nafasi ya mwingine. Ndovu mzima hula kilo 150 hivi kwa siku. Shamba la ekari mbili kwake ni kiamshakinywa, tena cha kupita njia.

Mjomba hakulia wala hakutukana. Aliingia ndani akatoka na mfuko wa plastiki, ule anaowekea cheti cha kuzaliwa cha bibi yake wa pili, stakabadhi za shule za watoto na kila karatasi aliyopewa na serikali. Akachomoa fomu ya fidia ya mwaka uliopita. Aliijaza, akaipeleka panapopelekwa, akaambiwa asubiri. Nakala ilikuwa imekunjwa mara nne, imechanika kwenye mikunjo.

"Wewe umesoma," akasema. "Hebu niambie. Hii ina nguvu au haina?"

Nikaisoma, kisha nikaitafuta sheria yenyewe kwenye simu, kwa maana uamuzi na sheria za nchi hii zinasomwa bure katika mtandao wa Kenya Law. Lisifiwe hilo bila choyo: zamani mwanafunzi wa sheria asiye Nairobi alikuwa yatima wa vitabu, leo aliye na bando na mahali penye mtandao anasoma hukumu ileile anayoisoma profesa. Mkongani mahali penyewe ni chini ya mwembe fulani, lakini panasomeka.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ilipitishwa mwaka 2013 na kuanza kazi Januari 2014. Kifungu chake cha 25 ndicho cha fidia. Mtu akiuawa na mnyama aliyeorodheshwa, familia yake inastahili shilingi milioni 5. Akibaki na ulemavu wa kudumu, milioni 3. Chini ya sheria ya zamani roho ya mtu ilikuwa imefikia shilingi 200,000, na mazao hayakuwa na fidia kabisa tangu marekebisho ya 1989, kwa hiyo kwenye karatasi tumepiga hatua kubwa. Mazao yamerudishwa, kwa bei ya soko. Madai hupelekwa kwa kamati ya kaunti, na asiyeridhika ana siku 30 za kukata rufaa kwenye jopo la kitaifa la mazingira, kisha Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Halafu, katikati ya ukarimu huo wote, ipo sentensi moja. Inasema fidia ya mifugo na mazao hailipwi ikiwa mwenyewe hakuchukua hatua "reasonable" za kuilinda mali yake dhidi ya wanyama.

Nikamsomea mjomba kwa Kiswahili. Nikasema, "hatua za busara."

"Busara?" akacheka. "Busara kwa ndovu ni kumpisha."

Nikajaribu tena. "Hatua za kiasi."

"Kiasi gani? Mimi nilikuwa juu ya dungu tangu magharibi. Nilipiga debe mpaka likatoboka. Nilichoma pilipili na mavi yao wenyewe. Kamba ile unayoiona nimeipaka pilipili na oili chafu ya gari. Kiasi kingine ni kipi, nipigane naye?"

Nilikaa pale kwenye gogo la mkorosho nikamwelewa msimamizi wangu na duara lake. Swali lilikuwa limelala shambani mwa mjomba, mizizi juu. Ni hatua gani, kwa mkulima wa ekari mbili asiye na umeme nyumbani wala shambani, sheria itaziita za kutosha? Na nani athibitishe, yeye kwamba alichukua, au serikali kwamba hakuchukua? Sentensi ile haisemi. Usiku mzima kwenye dungu hauachi stakabadhi.

Pendekezo la nne lilikuwa na kurasa 9, na msimamizi akalipitisha kwa kuandika neno moja: "Nenda."

Kwenda kwenyewe nako kuna taratibu zake. Anayefanya utafiti Kenya anahitaji leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na uvumbuzi, kwa mujibu wa sheria ya 2013. Ukiipata unatakiwa kupiga hodi kwa kamishna wa kaunti na kwa mkurugenzi wa elimu kabla hujamwuliza mtu neno. Nikafanya yote hayo Kwale mjini kwa siku moja, kisha chifu, kisha mzee wa mtaa. Nilidhani nimemaliza. Nilikuwa sijafika kwa mwenye shamba.

Chuo kilinipa fomu ya ridhaa ya kila nitakayezungumza naye: jina, maelezo, sahihi. Nyumba ya kwanza nilipoitoa, mama mmoja wa makamo aliyekuwa amenikaribisha kwa uji na maneno mazuri alirudisha kiti chake nyuma. Akaniuliza nani amenituma. Nikamweleza. Akaniuliza nani mama yangu, nikamtaja, akatulia. Lakini karatasi aliisukuma kwangu kwa kidole kimoja.

"Mwanangu, maneno chukua. Kidole sikupi."

Pwani hii watu wamepoteza ardhi kwa dole gumba. Haikuhitaji kuelezwa zaidi. Nilimwandikia msimamizi, kamati ya maadili ikakubali ridhaa ya mdomo, na tangu siku hiyo nikaweka fomu zile ndani ya begi zisionekane. Vitabu vya mbinu za utafiti vina sura nzima kuhusu kupata imani ya watu. Kwa Mkongani sura hiyo ni swali moja: mama yako ni nani?

Na si swali la adabu tu. Wadigo kwa asili walirithiana upande wa mama. Mjomba alimwachia mwana wa dada yake, si mwanawe wa kumzaa. Waduruma, majirani zetu, walihesabu pande zote mbili. Kisha Uislamu ukaja na mafungu yake ya mirathi, na Mwingereza na mahakama zake, na kwa miaka mingi mashauri ya urithi ya Wadigo yakawa mapambano ya mjomba na baba. Kama ningekuwa na shahada ya tatu mkononi ningeiandika juu ya hilo. Tena sasa pamechangamka zaidi: mnamo Juni 30, 2025 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa hanyimwi urithi wa baba yake Mwislamu kwa sababu hiyo ya kuzaliwa. Baada ya hukumu ile nilisikia mabishano yake barazani, dukani kwa muuza mbaazi, hata kwenye feri ya Likoni. Anayetafuta mada ya uzamili mwaka huu na bado anaandika kuhusu "changamoto za sheria barani Afrika" ana masikio yaliyozibwa.

Mada za nyumbani zina hatari yake, sikatai. Unaweza kuandika malalamiko ukadhani ni tasnifu. Dawa yake ni kusoma kesi, nyingi, hata zisizokupendeza. Ya nyumbani iliyonifaa kuliko zote ni ya 2001, wanakijiji wa Kwale dhidi ya kampuni ya Tiomin iliyotaka kuchimba titani. Mahakama Kuu Mombasa iliizuia kampuni isiendelee kwa kuwa haikuwa imefuata matakwa ya tathmini ya athari kwa mazingira, chini ya sheria ya mazingira ya 1999 ambayo wino wake ulikuwa haujakauka. Kesi hiyo inasomwa madarasani. Uchimbaji ulikuja baadaye chini ya kampuni nyingine, Base Titanium, na ukakoma Desemba 2024. Lakini swali la wanakijiji, nani alipaswa kuthibitisha nini kabla ya tingatinga kuwasha injini, ndilo lilelile la mjomba juu ya dungu. Nilipoliona hilo nilikuwa ndani ya matatu, tumefika Kombani, na nikapitiliza kituo changu.

Kizazi cha Mutunga kilifundishwa mapema kuuliza hivi. Kitivo cha sheria cha Dar es Salaam kilianza 1961, miaka 9 kabla ya kile cha Nairobi, na Wakenya walikwenda huko. Ndimo alimofundisha Yash Ghai, na ndimo Issa Shivji alimosoma, akaenda London kwa uzamili, akarudi kufundisha. Okoth-Ogendo, naye zao la Dar, alitumia maisha yake kuonyesha jinsi sheria za kikoloni zilivyomgeuza Mwafrika kuwa mpangaji wa Mfalme juu ya ardhi ya babu zake. Wote hao walianzia kwa mtu fulani aliyesimama kwenye kipande fulani cha ardhi, na sheria ikamfikia.

Kuhusu pesa nitasema machache kwa kuwa hakuna jipya. Bodi ya mikopo, HELB, inakopesha wa uzamili pia. Chevening inalipa mwaka mzima Uingereza kwa aliyefanya kazi angalau miaka 2, na inataka urudi nchini kwako baadaye kwa miaka 2. Wengine tunauza ng'ombe. Mimi niliuza pikipiki.

Kilichonisumbua kuliko karo ni lugha. Mahojiano yangu yote yalikuwa ya Kiswahili na Kidigo. Tasnifu ilikuwa ya Kiingereza. Kila jioni nilikuwa nikichukua maneno ya watu wanaojua wanachosema na kuyavika suti isiyowaenea. "Nilikesha" ikawa sentensi ya mistari miwili. Kuna neno moja la mzee wa jirani, kwamba ndovu "wanatulima", wanatulima sisi, nikalizunguka siku tatu, na tafsiri niliyoiweka hadi leo sioni kama ina uhai. Katiba yetu, Kifungu cha 7, inakifanya Kiswahili lugha ya taifa na lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini Sheria ya Taratibu za Kesi za Madai, kifungu cha 86, inasema lugha ya Mahakama Kuu na Mahakama ya Rufani ni Kiingereza. Kiswahili kinaruhusiwa huko chini. Wenzetu wa Tanzania walibadilisha yao mwaka 2021, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na mahakama, na wanahangaika kweli na istilahi, lakini wanahangaikia nyumbani. Sisi bado hatujapata neno moja la Kiswahili tunalokubaliana kwa "reasonable", na riziki ya mtu imening'inia juu yake.

Siku ya kutetea tasnifu nilikuwa na watahini wanne mezani. Yule wa nje aliniuliza swali ambalo nilikuwa nimeliogopa mwaka mzima: mahakama itajuaje kwamba mkulima alikesha, ikiwa hakuna shahidi ila mkewe? Nikamjibu kwamba ndivyo mahakama zinavyojua mambo mengi ya usiku, kwa kuwasikiliza watu na kupima ukweli wao. Nikapendekeza kwamba akishaeleza mkulima alichokifanya, mzigo wa kuonyesha hakikutosha uwe wa serikali, yenye ndovu, yenye ua na yenye walinzi. Akaandika kitu. Nikapita, na masahihisho ya miezi 2.

Nilipomaliza masahihisho nilikaa nikaandika kurasa mbili za Kiswahili, bila tanbihi, nikazichapisha saiba ya Kwale na kupanda nazo Mkongani. Mjomba alivaa miwani yake yenye kioo kimoja kilichopasuka, akasoma kurasa zote mbili, polepole, midomo ikitembea. Akarudi ukurasa wa kwanza, akaweka kidole.

"Hapa umeandika ndovu mmoja."

"Naam, mjomba."

"Walikuwa wanne."

Nikasahihisha pale pale kwa kalamu. Nakala ya maktaba bado inasema mmoja. Kwa hiyo wewe unayeandika yako mwaka huu, popote ulipo, kabla hujapeleka kitabu kikafungwe jalada, andika kurasa mbili kwa lugha ya waliokupa maneno, uwapelekee wazisome kwanza.